Seva Zilizonisahau

Mwaka wangu wa pili chuoni nilikaa saiba moja karibu saa nne nikijaribu kusajili yuniti. Naingia, nachagua masomo, nabonyeza kuhifadhi, naambiwa niingie upya. Naingia tena, mambo ni yale yale. Jamaa wa saiba akaniambia, "Buda, hiyo seva imelemewa. Wanafaa waongeze zingine." Nilitembea na hayo maneno miaka miwili. Siku hizi nashuku ilikuwa kinyume kabisa: seva zilikuwa nyingi tayari, ila hazikuwa zinaongea. (Na hapana, hiyo siyo sababu niliacha chuo. Hiyo ni stori ya siku ingine.)

Ili unielewe inabidi turudi hadi Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois, kwenye kituo cha kompyuta kinachoitwa NCSA. Mwaka 1993 Marc Andreessen, ambaye alikuwa bado mwanafunzi, na mwenzake Eric Bina walitoa Mosaic, kivinjari ambacho kilifanya watu wa kawaida waanze kuona intaneti ni kitu ya maana. Noma ni kwamba Mosaic ikifunguliwa, ukurasa wa kwanza kuuita ulikuwa wa NCSA wenyewe. Yaani kila mtu popote duniani akiwasha hiyo kitu, kabla hata hajaenda kwake, anapiga hodi Illinois kwanza. Walijichimbia shimo na mafanikio yao wenyewe.

Mashine moja haingeweza. Kwa hivyo wakapanga mashine kadhaa nyuma ya jina moja, halafu wakafanya ujanja kwenye DNS, ile huduma ambayo hugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Wa kwanza akiuliza anapewa anwani ya mashine ya kwanza, anayefuata anapewa ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho, kisha mzunguko unaanza upya. Katz, Butler na McGrath waliandika hiyo kazi na ikawasilishwa Geneva mwaka 1994, kwenye kongamano la kwanza kabisa la wavuti.

Kulikuwa na mashimo. Ukishaambiwa anwani, mtandao wako unaikumbuka kwa muda, kwa hivyo ofisi nzima yenye watu mia inaweza kuangukia mashine moja huku jirani yake inapiga miayo. Na DNS haijui kama mashine imekufa. Itaendelea tu kuwatuma watu huko, kama mtu anayekuelekeza kwa duka lililofungwa juzi.

Lakini kuna kitu walipata sawa ambacho hakisifiwi vya kutosha. Mashine zote zilisoma faili kutoka hifadhi moja ya pamoja, mfumo unaoitwa AFS. Ukiangukia yoyote, ukurasa ni ule ule. Hakuna mashine iliyokuwa na siri yake.

Hiyo raha haikukaa. Wavuti yenyewe iliumbwa bila kumbukumbu: unaomba ukurasa, unapewa, mnasahauliana. Ukitaka kuuza kitu haitoshi, kwa sababu lazima ujue kikapu ni cha nani. Mwaka huo huo wa 1994 Lou Montulli wa Netscape akatengeneza kuki, kidokezo kidogo ambacho seva inakupa ukae nacho kwa kivinjari chako. Na sababu inachekesha: mteja wao, kampuni ya simu ya MCI, hakutaka seva zake zibebe kumbukumbu za manunuzi ambayo hayajaisha. Kuki ililetwa ili seva isikumbuke chochote! Watengenezaji wa tovuti wakafanya nini? Wakaweka kwenye kuki namba tu, na habari zenyewe wakaziacha ndani ya seva iliyotoa hiyo namba. Hapo ndipo kila seva ikaanza kuwa na siri zake.

Fikiria kinyozi. Kuna mmoja anayejua mkato wako, hasemi kitu, anaanza tu. Siku umepewa mwingine, unaeleza upya kutoka mwanzo. Seva mbili zisizoongea ziko hivyo. Ombi lako la kwanza linaenda kwa A, anakujua. La pili linapelekwa kwa B, anakuangalia kama mgeni: ingia upya.

Dawa ya kwanza ilikuwa kumfunga mteja na kinyozi wake. Kampuni ya F5 ya Seattle, jina limetolewa kwa kipimo cha vimbunga, ilianza kuuza kifaa cha BIG-IP mwaka 1997 cha kukaa mbele na kugawa mzigo. Mwaka 2001 Mfaransa Willy Tarreau akatoa HAProxy, bure. Igor Sysoev wa Urusi akafuata na nginx mwaka 2004. Zote zinaweza kukushikisha kwa seva moja, lakini kinyozi akiugua, umeanza upya.

Dawa ninayoiheshimu ilikuwa ya kijana. Brad Fitzpatrick alianzisha LiveJournal mwaka 1999 akiwa na miaka 19, ikakua hadi hifadhidata ikaanza kulia. Mwaka 2003 akaandika memcached: nafasi ya memori iliyobaki bure kwenye mashine zake zote inaunganishwa iwe ghala moja ambalo kila seva inasoma. Alilenga kupunguzia hifadhidata kazi, lakini watu waliona haraka kwamba ghala kama hilo linaweza kubeba pia habari za nani ameingia. Ni AFS ya Illinois imerudi na nguo mpya. Redis ya Mwitaliano Salvatore Sanfilippo ikaja 2009, na ndiyo niliyotumia.

Mwaka jana nilikuwa naundia wasee wangu tovuti ya tiketi za shoo. Nikawasha nakala mbili za programu, mbele nikaweka nginx. Kupokezana kwa zamu ndiyo hali yake ya kawaida, na seva ikikosa kujibu inaruka hiyo kwa sekunde 10. Nikajaribu kununua, nikaambiwa niingie upya. Aki nilicheka peke yangu usiku, nikikumbuka saiba.

Kwanza nikaweka ip_hash, inayogawa watu kulingana na anwani. Hapa kwetu hiyo ni mtego. Wengi wako kwa bando za simu, na kampuni za simu huficha wateja wengi nyuma ya anwani chache. Juu ya hiyo, nginx hutazama sehemu tatu za kwanza tu za anwani. Karibu watu wote wakarundikana kwa seva moja. Nikaifuta, nikahamisha kumbukumbu zote Redis.

Halafu nikampigia mmoja wao, nikamwambia anunue tiketi polepole. Alipofika kwenye kikapu, nikaua seva iliyokuwa inamhudumia. Nikangoja. "Imeingia," akasema, "kwani ulitaka nione nini?"