Meru na Embu kwa miguu na baiskeli: afya ya mwili na maji ya Tana

Sisi watu wa Pwani tunazijua Meru na Embu zaidi kwa majani. Miraa hutoka Igembe na Tigania kule Meru, na muguka hutoka Mbeere kule Embu. Mwezi wa Mei 2024, magavana wa Mombasa na Kilifi walipopiga marufuku muguka, shauri lilipelekwa Mahakama Kuu ya Embu na amri hizo zikasimamishwa. Lakini kuna jambo jingine linalotufunga na watu wa mlimani, nalo ni zito kuliko majani. Ni maji. Mito ya Rupingazi, Thuci, Mutonga na Kathita yote humiminika katika Tana, na Tana huja mpaka Garsen na kuingia baharini Kipini. Yanayofanyika kwenye miteremko ya Mlima Kenya hayaishii huko.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ambaye kazi imenipeleka Embu na Meru mara nyingi, na sehemu kubwa ya nilichokiona huko nimekiona nikiwa natembea. Katika makala haya nataka kueleza faida za kwenda kwa miguu au kwa baiskeli katika shughuli za kila siku, kwa afya na kwa mazingira, na kwa nini faida hizo zinapotea mbele ya macho yetu.

Nchi yenyewe ilivyo

Barabara kuu inayotoka Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu ina urefu wa zaidi ya kilomita 100, na karibu safari yote ni kupanda na kushuka. Mito inateremka kutoka mlimani na barabara inaikata mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo kila baada ya mwendo mfupi kuna bonde, daraja, kisha kilima. Baiskeli nyeusi nzito isiyo na gia, ile inayoitwa Black Mamba, inasukumwa kwa mkono kwenye vilima hivyo.

Ukishuka chini, mambo hubadilika. Mbeere upande wa Siakago na Kiritiri, na Kianjai upande wa Meru, ardhi imelala kiasi. Huko baiskeli bado ni chombo cha kazi: hubeba mitungi ya maji, magunia ya nafaka na mtoto wa kwenda shule. Kule juu, kwenye chai na kahawa, kazi hiyo hufanywa na miguu. Vijia vya kukatisha mashamba hupita mahali ambapo gari haliwezi kupita, na mara nyingi hufika mapema kuliko barabara inayozunguka.

Mwili unapata nini

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki, na mtoto apate wastani wa dakika 60 kwa siku. Mtu mzima asiyefikisha kiwango hicho ana hatari ya kufa mapema iliyo kubwa kwa asilimia 20 hadi 30 kuliko anayekifikisha.

Sasa tupige hesabu. Mtu hutembea takriban kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare. Mtoto anayekwenda shule umbali wa kilomita 3 na kurudi hupata zaidi ya dakika 70, na kwenye vilima vya Runyenjes au Nkubu muda huo huongezeka na moyo hufanya kazi zaidi. Mama anayetembea nusu saa kwenda sokoni siku tano kwa wiki amekwisha kutimiza dakika 150, tena safari ya kurudi hatujaihesabu. Hakulipa chochote, wala hakutafuta muda wa pembeni wa mazoezi. Hii ndiyo tofauti ya mwendo wa kila siku na mazoezi ya kupangiwa ratiba: haungoji mtu awe na nafasi.

Ndani ya mwili, misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu, mishipa hulegea na shinikizo la damu hushuka. Mifupa iliyozoea uzito hubaki imara, na usingizi huwa mzuri. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2017 na watafiti wa Glasgow ulifuata zaidi ya watu 260,000. Wale waliokwenda kazini kwa baiskeli walionekana kuwa na hatari ndogo ya kufa kwa asilimia 41, wakilinganishwa na waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Ni kweli kwamba mwenye afya ndiye huchagua baiskeli, na watafiti hujitahidi kuliondoa hilo katika hesabu zao bila kulimaliza kabisa. Hata hivyo tafiti nyingi huelekea upande huo huo.

Kwetu Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uligundua kwamba ni asilimia 6.5 tu ya watu wazima ambao hawakufikisha kiwango cha mwendo kinachotakiwa. Wakenya wengi bado walikuwa wanatembea na kufanya kazi za mikono. Uchunguzi huo huo ulikuta karibu robo ya watu wazima wana shinikizo la damu lililopanda, na karibu wanawake 4 katika kila 10 wana uzito uliozidi. Kwa hiyo miguu peke yake haitoshi. Chakula, chumvi na tumbaku vina sehemu yao. Lakini nchi ambayo tayari ina maradhi hayo ikipoteza na mwendo wake, itabaki na nini?

Si kila mwendo ni dawa

Hapa inatupasa tuseme ukweli. Mwanamke wa Meru au Embu anayebeba mzigo wa kuni mgongoni kwa kamba iliyopita utosini, akipanda kilima, hafanyi mazoezi ya afya. Shingo na mgongo vinaumia. Msichana anayetembea gizani kwa sababu shule iko mbali ana hatari nyingine kabisa. Wahenga walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, lakini hawakusema mtu abebeshwe mzigo wa punda.

Ndiyo maana baiskeli ina thamani yake. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Ukiwekwa juu ya magurudumu, mgongo unapona na miguu bado inafanya kazi.

Hewa, mafuta na mito

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Tuchukue mtu anayepanda bodaboda kilomita 5 kwenda na 5 kurudi, siku 300 kwa mwaka. Pikipiki ikienda kilomita 40 kwa lita, hiyo ni lita 75, sawa na kilo 170 na zaidi za kaboni. Bodaboda nyingi hurudi bila abiria, kwa hiyo hesabu halisi huwa kubwa zaidi. Ni kidogo ukilinganisha na gari, lakini ukizidisha kwa maelfu ya abiria wa mji kama Meru unaona uzito wake.

Kaboni hiyo si habari ya mbali kwa watu wa mlimani. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote katika Mlima Kenya, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Maji mengi ya mito hutokana na mvua na msitu, si barafu, ila barafu inayokwisha ni ishara kwamba majira yenyewe yanabadilika.

Kuna na uchafu ulio karibu zaidi. Mafuta machafu ya injini yanayomwagwa kando ya barabara, na pikipiki zinazooshwa mtoni, nimeyaona kwa macho yangu. Mvua za Machi hadi Mei huyakusanya na kuyapeleka mtoni, na mto unajua njia ya kwenda Tana. Baiskeli inahitaji tone la mafuta kwenye mnyororo tu.

Je, anayetembea mjini si ndiye anayevuta moshi? Ndiye. Utafiti wa Cambridge wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika miji mingi duniani faida ya kutembea au kuendesha baiskeli huzidi madhara ya hewa chafu, isipokuwa katika miji michafu kupindukia. Na kwa familia nyingi za vijijini, moshi wa kuni jikoni ni tishio kubwa kuliko moshi wa barabarani.

Kwa nini watu wanaacha kutembea

Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa kwa baiskeli, zile zilizovusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Pikipiki zilifurika Kenya baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Sitawalaumu vijana waliopata riziki humo, wala mama mjamzito aliyefikishwa hospitali usiku. Bodaboda imeokoa watu.

Lakini watu niliozungumza nao Embu na Meru hawakuniambia kwamba wamechoka kutembea. Waliniambia wanaogopa. Sehemu nyingi lami inaishia kwenye mtaro, hakuna ukingo wa kupita, na magari ya miraa yanashindana na saa kwa sababu majani hukauka. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia daraja la Nithi, watu zaidi ya 30 wakafariki. Wengi huku kwetu wanaikumbuka siku hiyo. Kwenye miteremko kama ile, anayetembea hana hata bati la kumkinga. Kila mwaka, katika vifo vya barabarani Kenya, watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi.

Mwendo wa gari ndio unaoamua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mtu aliyegongwa na gari huongezeka mara 4.5 mwendo ukitoka kilomita 50 kwa saa kufika 65. Sheria ya Kenya tayari inaweka kikomo cha kilomita 50 mjini.

Nani aulizwe

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani na usafiri wa umma. Barabara kuu ziko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA. Kwa hiyo mkazi wa Majengo akitaka taa na njia ya miguu kwenda sokoni, aende kwa kaunti wakati wa vikao vya bajeti. Akitaka ukingo na matuta kwenye barabara ya Chuka, aandikie KeNHA. Yanayotakiwa si makubwa: njia ya miguu iliyoinuliwa kuliko lami, matuta karibu na shule, kivuko cha miguu pembeni ya kila daraja, na mahali pa kufungia baiskeli sokoni. Nafasi ya gari moja hutosha baiskeli kama kumi.

Mji wa Kale wa Lamu unatuonyesha kwamba mji unaweza kuishi kwa miguu na punda kwa karne nyingi. Meru na Embu hazina vichochoro vya Lamu, lakini zina vijia vyao na watu ambao miguu yao bado ina nguvu. Wakitengenezewa ukingo wa barabara leo, hawatahitaji kufundishwa kutembea.