Nyumba za ushirika kwa watu wenye ulemavu

Nyumba za ushirika kwa watu wenye ulemavu ni makazi yanayomilikiwa na chama cha ushirika na kupangwa tangu mwanzo ili watu wenye ulemavu na familia zao waweze kuishi humo kwa gharama wanayoimudu. Wakazi ni wanachama wa chama hicho. Si wapangaji wa mwenye nyumba, wala hakuna anayemiliki fleti yake peke yake. Makala hii inahusu hasa Kanada.

Muundo

Chama hujenga au hununua jengo kwa mkopo. Kila mwanachama hulipa ada ya makazi kila mwezi, ambayo hutumika kulipia mkopo, bima, kodi ya majengo, matengenezo na akiba ya matengenezo makubwa. Hakuna faida ya mwenye nyumba ndani yake. Mwanachama anayehama hawezi kuuza fleti. Hurudishiwa tu amana au hisa aliyoweka alipojiunga. Kwa hiyo gharama haipandi kila bei ya nyumba inapopanda sokoni.

Katika mkutano mkuu kila mwanachama ana kura moja, na mkutano huo ndio unaochagua bodi. Hivyo mtu anayetumia kiti cha magurudumu hupiga kura kuhusu ukarabati wa lifti sawa na jirani yake.

Historia nchini Kanada

Ushirika wa Willow Park mjini Winnipeg, uliofunguliwa mwaka 1966, huhesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hii kwa ajili ya familia nchini humo. Mwaka 1973 sheria ya taifa ya makazi ilirekebishwa ili serikali kuu isaidie ujenzi wa ushirika, na mamia ya vyama vikaundwa katika miaka ya 1970 na 1980. Mpango wa serikali kuu wa kugharamia vyama vipya ulifutwa mwaka 1992. Mwaka 2024 ulianzishwa mpango mpya wenye dola bilioni 1.5 za Kanada.

Katika kipindi hichohicho taasisi kubwa walimofungiwa watu wenye ulemavu wa akili zilikuwa zikifungwa. Jimbo la Ontario lilifunga za mwisho mwaka 2009. Wazazi wengi hawakutaka watoto wao wapelekwe huko, lakini walikabiliwa na swali gumu: mwana au binti yao ataishi wapi, na nani, wao watakapokuwa wamefariki?

Mfano wa Rougemount

Kundi la familia liitwalo Deohaeko lilitafuta jibu katika mji wa Pickering, Ontario. Jina hilo latokana na masimulizi ya Wairokwa kuhusu roho za mahindi, maharage na maboga, mimea inayopandwa pamoja na kutegemezana. Familia hizo zilishiriki kuanzisha ushirika wa Rougemount, jengo lenye fleti zaidi ya 100.

Familia hazikujenga nyumba ya walemavu peke yao. Watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima walipata fleti zao wenyewe katika jengo hilo, miongoni mwa majirani wengi wasio na ulemavu. Msaada wa kila siku ulipangwa kwa kila mtu kivyake, kukiwa na wasaidizi, ndugu na marafiki wanaomfahamu.

Upangaji

Mambo yafuatayo huamuliwa kabla ya ujenzi kuanza:

* Mahali: karibu na usafiri wa umma, maduka, kliniki na kazi. Fleti nzuri iliyo mbali na basi humfungia mkazi ndani.
* Uwiano: idadi ya wakazi wanaohitaji msaada isiwe kubwa kiasi cha kuligeuza jengo kuwa taasisi mpya.
* Ramani: mlango wa kuingilia usio na ngazi, njia ya mteremko isiyo kali kuliko 1 kwa 12, nafasi ya kugeuzia kiti cha magurudumu yenye kipenyo cha mita 1.5 hivi, na kuta za bafu zilizoimarishwa ili vishikio viweze kufungwa baadaye. Kubomoa na kujenga upya hugharimu zaidi.
* Wasioona na viziwi: alama za kugusa, mwanga wa kutosha, na king'ora cha moto kinachotoa mwanga pia.
* Msaada: mkataba wa makazi utenganishwe na huduma za wasaidizi. Mkazi akimbadilisha msaidizi, asipoteze nyumba.

Gharama

Baadhi ya fleti hupewa ruzuku, na ada yake hufuata kipato cha mkazi. Kiwango kinachotumika sana ni asilimia 30 ya kipato. Wanachama wengine hulipa ada kamili.

Kwa familia, tatizo moja ni urithi, kwani mali anayoachiwa mtoto inaweza kumwondolea haki ya kupata ruzuku. Wazazi wengi hutumia mfuko wa amana ambao msimamizi wake ndiye anayeamua kama atatoa fedha, kiasi gani na lini. Mwaka 2019 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada iliamua, katika kesi ya mkazi mwenye ulemavu wa nyumba za gharama nafuu za Vancouver, kwamba mfuko wa namna hiyo haukuwa mali ya kuhesabiwa wakati wa kupima ombi lake la ruzuku.

Changamoto

Ujenzi huchukua miaka, na wazazi walioanza wakiwa na nguvu huzeeka. Ruzuku inategemea uamuzi wa serikali. Tena, kuishi mlango kwa mlango hakuleti ujirani peke yake. Mtu anaweza kuwa na fleti nzuri na bado akakosa mgeni wa kumtembelea.

Afrika Mashariki

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu (2006) unatambua katika kifungu cha 19 haki ya kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inataja haki ya makazi ya kutosha na yanayofikika. Ushirika wa kuweka na kukopa umeenea katika nchi hizi, lakini mara nyingi humsaidia mwanachama kupata kiwanja au nyumba kwa jina lake, si jengo linalomilikiwa kwa pamoja.

Tazama pia

* Ushirika
* Ulemavu
* Haki za binadamu