Pioneer (manowari ya Australia)

Pioneer, kwa jina kamili HMAS Pioneer, ilikuwa manowari ndogo ya Jeshi la Majini la Australia iliyopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, hasa kwenye mwambao wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1915 na 1916. Vita vilipoanza ilikuwa tayari imechakaa. Hata hivyo inatajwa kuwa ndiyo manowari ya Australia iliyofyatua makombora mengi zaidi dhidi ya adui katika vita vile.

Kuundwa

Iliundwa Chatham, Uingereza, ikashushwa majini mwaka 1899. Ilikuwa ya aina ya Pelorus: tani zipatazo 2,200, mizinga minane ya inchi 4. Waingereza waliikabidhi Australia mwaka 1913.

Mwanzo wa vita

Agosti 1914 ilikamata meli mbili za biashara za Kijerumani, Neumünster na Thüringen, karibu na Fremantle. Miezi miwili baadaye ilipangiwa kusindikiza msafara wa kwanza wa askari wa Australia na New Zealand, lakini mitambo ikaharibika njiani ikalazimika kurudi. Msafara ukaendelea bila Pioneer, na tarehe 9 Novemba manowari nyingine ya msafara huo, Sydney, ikaiangamiza manowari ya Kijerumani Emden kwenye visiwa vya Cocos. Sifa zote zikaenda kwa Sydney, na hadi leo ndiyo inayotajwa kwanza.

Mwambao wa Afrika Mashariki

Chanzo cha Pioneer kuitwa Afrika Mashariki ni pigo lililotokea Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga bandarini, mitambo imezimwa kwa matengenezo, ikaizamisha kwa mizinga. Pegasus ilikuwa ya aina moja na Pioneer. Makaburi ya mabaharia wake yapo kisiwani Chapwani. Königsberg yenyewe ilikuwa na hitilafu, ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji, na vipuri vyake vikaburutwa na wapagazi nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburutwa tena kurudi.

Pioneer iliondoka Fremantle Januari 1915 ikafika Unguja tarehe 6 Februari. Kuanzia tarehe 1 Machi Waingereza walitangaza kuufunga mwambao wote wa koloni. Kazi ilikuwa ya kuchosha: kupita juu chini usiku na mchana, kusimamisha majahazi na kuyapekua, kukwepa miamba, kisha kurudi kupakia makaa ya mawe katika joto kali, na kutoka tena. Hata hivyo mzingiro ulivuja. Aprili 1915 Rubens, meli iliyowaletea Wajerumani silaha, ikijifanya meli ya Denmark, ilipenya hadi ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga. Ilifukuzwa na manowari ya Waingereza Hyacinth ikaungua, lakini Wajerumani waliopoa sehemu kubwa ya silaha zake.

Kuhusu Königsberg, tatizo lilikuwa kina cha maji. Delta ya Rufiji ni midomo mingi, matope na mikoko iliyosongamana, na manowari zote kubwa zingekwama hapo. Zililetwa Severn na Mersey, vyombo vya mito vilivyoundwa kwa ajili ya Brazil, visivyohitaji kina kirefu. Viliingia mtoni tarehe 6 Julai 1915, navyo vikapigwa vikatoka; Mersey ilipoteza watu. Vikarudi tarehe 11 Julai vikiongozwa na ndege iliyowaonyesha wapiga mizinga makombora yanaangukia wapi. Ndege ikaangushwa, lakini shabaha ilikuwa imeshapatikana, na siku hiyohiyo Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe. Pioneer haikuingia mtoni. Pamoja na manowari nyingine ilisimama nje ikipiga vituo vya adui ufukweni, kazi ambayo bila hiyo Severn na Mersey vingeingia chini ya moto mkali zaidi.

Mizinga kumi ya Königsberg ilitolewa majini, ikafungwa magurudumu Dar es Salaam, na kwa miaka iliyofuata wapagazi waliivuta vichakani nyuma ya jeshi la kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck. Wapagazi hao ni nadra kutajwa kwa majina katika vitabu vya vita vya majini.

Katikati ya 1916 Pioneer ilishiriki kupiga mizinga Tanga na Dar es Salaam. Ilirudishwa kwao kabla Waingereza hawajaingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba.

Mwisho

Ilifika Sydney Oktoba 1916, ikaondolewa kazini mwezi uliofuata, ikawa bweni la mabaharia. Baadaye ilivuliwa vyuma ikauzwa, na mwaka 1931 kiunzi chake kikazamishwa nje ya lango la bandari ya Sydney.

Kumbukumbu

Fort Jesus, Mombasa, kuna mzinga wa Königsberg na wa Pegasus. Wa Pioneer haupo.