Milio ya Kifua na Majina Yake: Kutoka Paris hadi Garsen

Mnamo mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, tabibu René Laennec aliviringisha karatasi, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake. Kisa hiki chajulikana. Lisilotajwa aghalabu ni kwamba, akisha kupata chombo, Laennec alikabiliwa na tatizo la msamiati. Katika kitabu chake cha 1819 milio isiyo ya kawaida ya mapafu aliiita 'râle', akaipambanua kwa tashbihi: mmoja kama chumvi inayotatarika motoni, mwingine kama mlio wa hua. Lakini kwa Mfaransa wa kawaida 'râle' ni sauti ya mtu anayekata roho. Kwa hiyo mbele ya wagonjwa alitumia neno la Kilatini, 'rhonchus', kwa maana ile ile. Kitabu kilipofasiriwa kwa Kiingereza na John Forbes mwaka 1821, visawe hivyo vikaanza kutengana, hata vizazi vya matabibu vikafundishwa kwamba ni milio miwili. Mwaka 1957 Robertson na Coope walikuwa bado wanalieleza kosa hilo katika jarida la Lancet.

Yafaa jambo hili tulitazame tukiwa Garsen (matabibu watuwie radhi kwa kuingia uwanjani mwao). Huko Tana ya chini Kipokomo, ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, hukutana na Kiorma, ambacho ni lugha ya Kikushi. Na baina ya mgonjwa na tabibu mgeni, Kiswahili ndicho daraja. Si kwamba wenyeji hawana sikio. Ng'ombe mwenye homa ya mapafu husimama amenyoosha shingo, viwiko amevitenga na mbavu, akiguna kila atoapo pumzi. Mfugaji hahitaji chombo ili autambue mguno huo.

Shida iko katika neno. Mama asemapo, "Mtoto anakoroma," huenda anasimulia mtatariko wa kichomi, au mluzi wa pumu, au sauti kali ya koo lililozibana mtoto avutapo pumzi. Tiba zake si moja: wa kwanza huenda akahitaji dawa ya kuua vijidudu, wa pili dawa ya kupanua njia za hewa, wa tatu huenda asiweze kungoja hata kidogo. Tena hapa Kiswahili kimekwenda kinyume na Kifaransa. 'Râle' lilimtisha mgonjwa; 'kukoroma' humtuliza, kwa kuwa kwetu anayekoroma kwanza ni aliyelala. Neno la kuficha hofu si tunalolihitaji. Twahitaji kitenzi kitakachomwondoa mama kitandani usiku.

Vitenzi tunavyo: kutatarika, kupiga mluzi, kuguna, kukwaruza. Tungependekeza viingizwe katika maswali ya zahanati kabla ya istilahi yoyote ya kubuni, na mama aulizwe kwanza: sauti hiyo yasikika pumzi ikiingia, au ikitoka?