Sake: Kila eneo la Japani na ladha yake kwa sushi

SUSHI na sake ni ndugu wa tumbo moja. Sushi huandaliwa kwa wali uliokolezwa siki, nayo sake ni kileo cha mchele, maji, hamira na kuvu iitwayo koji, ambayo hugeuza wanga kuwa sukari. Hata siki iliyotumiwa na wauza sushi wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, katika karne ya 19 ilitokana na machicha ya sake.

Chupa nyingi huwa na kilevi cha asilimia 15 au 16. Hata hivyo, anayedhani kwamba sake zote ni sawa amepotoka, kwani kila eneo lina maji, mpunga na mazoea yake.

Nada, mkoani Hyogo, ndilo eneo linaloongoza kwa wingi wa sake. Maji yake mashuhuri, Miyamizu, yaliyotambuliwa mwaka wa 1840, yana madini yanayoipa hamira nguvu. Matokeo yake ni sake thabiti isiyo na utamu mwingi, inayoandamana vyema na jodari au vibua vilivyokolezwa siki. Fushimi, mjini Kyoto, maji ni laini zaidi na sake yake ni ya upole, hivyo inawafaa kamba.

Niigata ni nchi ya theluji. Sake yake ni nyepesi na huacha kinywa kikiwa safi. Hii ndiyo ya kuchagua mezani panapokuwa na ngisi au samaki wa nyama nyeupe, ambao ladha yao hafifu humezwa kwa urahisi na kinywaji kizito.

Huko Hiroshima, maji laini yalikuwa kikwazo kwa watengenezaji hadi Miura Senzaburo alipochapisha, mwaka wa 1898, mbinu ya kuchachusha polepole katika baridi. Mbinu hiyo ilichangia kuzaliwa kwa sake za ginjo, zenye harufu ya matunda. Chaza wa eneo hilo hawana mwenzi bora kuliko sake ya kwao.

Rasi ya Noto, mkoani Ishikawa, inasifika kwa mafundi wa sake nzito inayomudu samaki wenye mafuta wa majira ya baridi. Tetemeko la Januari 1, 2024, liliangusha viwanda vingi vya huko, baadhi vikiwa vya familia kwa vizazi kadhaa. Watengenezaji wa maeneo mengine waliwapa wenzao nafasi katika mitambo yao ili sake ya Noto isitoweke. Desemba mwaka huo huo, UNESCO iliuorodhesha ufundi wa sake kuwa turathi ya binadamu.

Kwa mnunuzi, neno junmai kwenye chupa humaanisha kwamba hakuna pombe iliyoongezwa. Ginjo hutokana na mchele uliokobolewa hadi ikabaki asilimia 60 au chini ya hapo. Daiginjo, asilimia 50 au chini. Ginjo hunywewa baridi, ilhali sake nzito huweza kupashwa moto kidogo.

Asiyejua pa kuanzia na aulize samaki ametoka wapi, kisha atafute sake ya pwani hiyo hiyo.