Malenga wa Mrima na Wenye Dola

Tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri bin Salim al-Harthi, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani. Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa, alikwisha kuuteka mji huo na Tanga miezi michache nyuma. Mizinga ilikuwa ya Wadachi, lakini habari za vita hazikubaki mikononi mwao. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni wa Tanga, alizitunga kwa hati za Kiarabu: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, yaani pwani hii.

Kazi ile nayo ni propaganda, na silisemi hilo kwa kuitweza. Inachagua upande, nao ni upande wa walioshindwa. Nguvu yake ilikuwa katika umbo lenyewe: ubeti wa vipande vinne, kila kipande mizani nane, vitatu vya mwanzo vikishika kina kimoja na cha nne kikibeba kina cha utenzi mzima. Hata asiyejua kusoma akiusikia ukighaniwa barazani, huondoka na beti kadhaa kifuani. Kwa hiyo kila mtawala aliyekuja pwani hii amempigia hodi malenga.

Wadachi walilielewa hilo mapema. Shule yao ya serikali mjini Tanga iliandaa makarani na maakida, na kwenye mtambo wake likachapwa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, hadi Vita Vikuu vya Kwanza vilipolifunga mwaka 1916. Washairi wa zama hizo walimsifu Kaisari na utawala wake kwa vina vilevile vya wazee wao. Dar es Salaam, mwaka 1909, ilisimamishwa sanamu ya Wissmann, na chini yake askari mweusi akimtazama kwa kuinua uso. Waingereza waliing'oa, ikahamia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha miaka ya 1960. Shairi haling'oki hivyo.

Mwaka huohuo wa 1909 alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, Shaaban Robert. Katika Vita Vikuu vya Pili alianza Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ya beti zipatazo 3,000, akiunga mkono Uingereza na washirika wake dhidi ya Hitler. Wapo wanaomlaumu kuwa aliimba wimbo wa bwana wake. Mimi naona lawama hiyo haimtendei haki. Ubaguzi wa Wanazi ulikuwa tishio la kweli kwa mtu mweusi, naye alikuwa na sababu zake mwenyewe za kuuchukia. Isitoshe, mwaka 1951 ilitoka riwaya yake Kusadikika, ambamo Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, akajitetea kwa siku kadhaa mbele ya watawala. Wasomaji wengi wameiona humo serikali ya kikoloni ikiwekwa kizimbani. Kalamu iliyoisaidia dola vitani ilirudi kuidai haki.

Baada ya Azimio la Arusha, zamu ilikuwa ya serikali yetu wenyewe. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi wausambaze ujamaa, na Mathias Mnyampala akaikuza ngonjera, ushairi wa majibizano, ambayo watoto wa shule waliikariri mbele ya wageni rasmi. Nyingi zilikuwa na hoja zilizokwisha kuamuliwa kabla mtoto wa kwanza hajafungua kinywa: mpinzani alijua atashindwa ubeti wa ngapi. Taarab nayo haikuachwa. Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyeng'arisha Black Star na Lucky Star za Tanga, baadaye aliimbia kikundi cha Jeshi la Kujenga Taifa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, CCM ikaunda Tanzania One Theatre chini ya Kapteni John Komba, na tangu hapo kampeni bila kikundi cha muziki haijakamilika. Leo katika nafasi hiyo wameingia wasanii wa Bongo Fleva.

Sidhani kumsifu mgombea ni dhambi ya msanii. Kinachonisikitisha ni kwamba nyimbo hizi hazitaji tukio hata moja: hakuna bandari, hakuna bei ya mkonge, hakuna jina la kijiji. Hemedi alitunga bila chama wala mshahara wa serikali, na aliwaachia wajukuu wa Mrima habari za vita vyao. Utenzi wake ulipigwa chapa mwaka 1955 kwa juhudi za J.W.T. Allen, Mwingereza, zikiwa zimepita zaidi ya miaka 60 tangu Abushiri anyongwe, na mwaka mmoja tu tangu TANU izaliwe.