Askari wa Burma Aliyesimamia Soko la Kariakoo: Kumbukumbu ya Abdulwahid Sykes (1924–1968)

Katika kitabu hiki cha miaka mia moja msomaji atakutana na wainjilisti, walimu na wazee wa usharika, na ni haki yao kukumbukwa. Lakini karne hiyohiyo iliwachukua wana wa nchi hii vitani mara mbili, nao waliorudi wakaingia katika kazi za kila siku zisizoandikiwa historia. Nimeona vema kumkumbuka mmoja wao, ingawa hakuwa mwenyeji wa kwetu wala wa imani yetu: marehemu Abdulwahid Sykes wa Dar es Salaam.

Hata hivyo, habari za ukoo wake zinafika mpaka nyanda zetu. Babu yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Msumbiji, aliyeletwa na Wajerumani kuwa askari wao. Masimulizi ya ukoo yasema kwamba alikufa maji akirejea kutoka vita ya Uhehe, zama zile boma la Mtwa Mkwawa pale Kalenga lilipoangushwa, mwaka 1894. Mwaka huohuo mwanawe Kleist alizaliwa Pangani. Huyo naye alipigana upande wa Wajerumani katika vita ya 1914 hadi 1918, kisha akafanya kazi katika reli chini ya Waingereza, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa African Association.

Abdulwahid alikuwa mwana wa Kleist. Vita Kuu ya Pili ilipofika, yeye na mdogo wake Ally waliingia King's African Rifles, wakapelekwa Burma. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000 katika vita ile. Waliorudi walikuwa wameiona dunia, na hawakukubali tena kirahisi kuambiwa kwamba Mwafrika hawezi kujitawala. Baada ya mgomo wa makuli wa bandarini wa mwaka 1947, Abdulwahid alikuwa kiongozi katika chama chao. Ndipo akaajiriwa na Manispaa ya Dar es Salaam kuwa Mkuu wa Soko la Kariakoo, au Market Master kama alivyoitwa wakati ule.

Jina la mahali pale lataka maneno machache. Jengo lilijengwa na Wajerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, pakawa kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa vita, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Mwaka 1923 pakawa soko. Wapagazi wa vita ile walitwaliwa kila upande wa nchi, nyanda zetu zikiwamo, na wengi hawakurudi.

Basi askari wa vita ya pili akawa msimamizi mahali palipopewa jina la wapagazi wa vita ya kwanza. Mkuu wa soko hukutana na kila mtu: mkulima, mchuuzi, mchukuzi, mama muuza samaki. Haishangazi kwamba ofisi yake ikawa baraza la siasa. Mwaka 1950 alikuwa Katibu wa TAA, Dakta Vedasto Kyaruzi akiwa Rais. Kyaruzi alipohamishwa na serikali, Abdulwahid alikaimu nafasi yake. Mwaka 1953 Mwalimu Nyerere alichaguliwa Rais na Abdulwahid akawa makamu wake. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kadi namba 1 ilikuwa ya Mwalimu, namba 2 ya Ally, na namba 3 ya Abdulwahid. Kumpisha mwingine, huku chama umekikuta mikononi mwa baba yako, si kazi ya kila mtu.

Historia rasmi ya chama ilimpa nafasi ndogo mno. Mohamed Said alijaribu kusahihisha hilo katika kitabu chake cha mwaka 1998. Sikubaliani na kila hoja yake kuhusu dini na siasa, lakini katika jambo hili naona ana haki.

Abdulwahid alifariki tarehe 12 Oktoba 1968, akiwa na miaka arobaini na ushei. Soko alilolisimamia lilibomolewa. Jengo jipya, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, nalo likaungua Julai 2021. Viazi na maharage ya nyanda zetu bado husafirishwa kwenda masoko ya Dar es Salaam.